Skramu ina upofu wa kuzaliwa nao, au ni sisi tusiojua kuitumia?

#1 Fundi Waya
Wakuu, salaam. Nina hoja, mnikosoe.

Nimekaa muda mrefu kwenye timu za Skramu, hii njia ya kutengeneza programu kwa vipindi vifupi vinavyoitwa sprinti, na kila mambo yakiharibika naambiwa tatizo ni watu, njia haina kosa. Leo nakataa. Sprinti inataka kila kazi ianze na kuisha ndani ya wiki mbili, kisha ionyeshwe. Lakini kuna kazi hazimegeki hivyo. Kupanga upya kanzidata yenye data za wateja wa miaka mingi. Kutafuta kwa nini mfumo unakwama watumiaji wakizidi. Kukubaliana jinsi sehemu mbili za mfumo zitakavyopeana taarifa. Ukiikatakata kazi ya namna hiyo ili ienee kwenye sprinti, unapata vipande ambavyo kila kimoja peke yake hakina faida kwa mtu yeyote. Siku ya maonyesho unasimama mbele ya mteja huna cha kumwonyesha, wakati jirani yako ameongeza kitufe cha rangi nzuri na anapongezwa.

Baada ya hapo nani atajitolea kuichukua kazi ile? Mwenye bidhaa, yule anayepanga kipi kifanywe kwanza, anaisukuma chini ya orodha ya kazi kila mara, na kwa upande wake yuko sahihi, maana yeye anaulizwa kuhusu vitufe. Mwaka ukiisha mnashangaa kwa nini kuongeza sehemu moja ndogo kwenye fomu kunachukua wiki nzima.

Ndiyo maana nasema upofu huu Skramu imezaliwa nao. Nani anabisha?

#2 Kijiti
Nabisha mimi. Wewe umeeleza timu mbovu, kisha ukaibandika jina la Skramu.

Kwanza, Mwongozo wa Skramu haujataja wiki mbili popote. Unasema mwezi mmoja au pungufu. Wiki mbili mmejipangia wenyewe. Pili, hakuna mahali umekatazwa kuweka kazi ya kanzidata kwenye orodha. Kama mwenye bidhaa wenu haoni umuhimu wake, mwelezeni. Kazi ya kumwelewesha ni yenu.

#3 Bi Mtihani
Mimi ni mpimaji wa programu, na Fundi Waya amesahau upande wetu.

Nikueleze sprinti inavyokwenda kule ninakofanya kazi. Wiki ya kwanza waandika programu wanaandika, mimi sina cha kupima. Wiki ya pili wanaendelea. Inabaki siku moja sprinti ifungwe, kadi zote za kazi ubaoni zinahamia safu ya "kupima" kwa pamoja. Nikikuta hitilafu ninaonekana mimi ndiye ninayechelewesha. Nikiipitisha na ikaharibika mikononi mwa watumiaji, ni mimi tena. Kila mtu anasema tuliacha zamani njia ya maporomoko, ile ya kumaliza hatua moja yote ndipo ianze nyingine. Mimi naona tumeyapunguza tu, tukayaweka ndani ya wiki mbili.

#4 Mzee wa Seva
Vijana, shikamooni zenu nimezipokea ingawa hamjazitoa.

Nilifanya kazi enzi zile mnazozisimulia. Tulikuwa tunaandika kitabu cha mahitaji cha kurasa mia kadhaa, kinasainiwa, tunajifungia kuandika, tukitoka mteja anasema alichotaka si hicho. Kwa hiyo msiyalilie maporomoko. Hata Winston Royce, ambaye makala yake ya 1970 ndiyo watu huinyooshea kidole kuwa chanzo cha njia hiyo, aliandika humo humo kwamba kwenda moja kwa moja na kuacha majaribio hadi mwisho ni hatari na kunakaribisha kushindwa. Watu waliuchukua mchoro wakaacha maelezo.

Naona hicho hicho kimeipata Ajaili, mtazamo wa kutengeneza programu kidogo kidogo ambao Skramu ni mojawapo ya njia zake. Wale 17 waliokutana Snowbird, Utah, Februari 2001 waliandika Tangazo la Ajaili: maadili manne na kanuni 12. Hamna stendapu (kikao kifupi cha kila siku) humo, hamna pointi za kukadiria ukubwa wa kazi, hamna Skramu Masta wa kuisimamia njia kwenye timu. Wengi wao walikuwa watu waliobobea, wakaeleza kinachowafaa wao. Sisi tunawapa njia hiyo watu watano waliotoka masomoni juzi na kuwaambia "jipangeni wenyewe". Hapo ndipo ukomo wake ulipo kwa maoni yangu. Inataka mtu ambaye tayari anajua kuandika programu vizuri, na yenyewe haimfundishi.

#5 Tochi
Shikamoo Mzee. Kwa hiyo Skramu ilianzishwa 2001 na hao 17?

#6 Karani
@Tochi hapana. Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliiwasilisha kwenye mkutano wa wataalamu wa programu, OOPSLA, mwaka 1995. Walikuwemo pia kati ya wale 17, ndiyo maana watu huchanganya. Jina ni la zamani zaidi: watafiti Takeuchi na Nonaka walilitumia kwenye makala yao katika jarida la Harvard Business Review, 1986, wakichunguza kampuni kama Honda, Canon na Fuji-Xerox zilivyotengeneza bidhaa mpya. Kule zilizungumzwa kamera, magari na mashine za kunakili, programu hazikuwa mada yao.

#7 Tochi
Asante. Basi ndiyo maana tunatoa matoleo kama mashine ya kunakili 😂

#8 Pointi Nane
Mnazunguka tu. Tatizo ni pointi, kama jina langu linavyoshuhudia.

Timu yetu ilikuwa sawa kabisa. Akaja meneja mpya, akaona kwenye chati kwamba tunamaliza pointi kadhaa kwa sprinti, akauliza kwa nini timu ya ghorofa ya juu inamaliza mara mbili yake. Tukamweleza kwamba pointi za timu moja hazilinganishwi na za nyingine, kila timu ina kipimo chake. Akatikisa kichwa kama ameelewa. Mwezi uliofuata akatuwekea lengo: kasi ipande.

Ikapanda! Kazi iliyokuwa pointi 3 tukaiita 5, ya 5 ikawa 8. Meneja akafurahi, akatuma barua pepe ya pongezi kwa idara nzima. Kilichotoka kwenda kwa wateja kilikuwa kile kile, pengine kimepungua, maana tulikuwa tunatumia muda mwingi kubishana namba.

Ron Jeffries, mmoja wa wale wa 2001, ameandika kwamba huenda ni yeye aliyezibuni hizi pointi, na kama ni yeye basi anasikitika. Mwenye mtoto mwenyewe anasikitika, nyie mnalea.

#9 Kijiti
@Pointi Nane lakini pointi hazimo kwenye Mwongozo wa Skramu! Tafuta neno hilo, hulikuti. Mnailaumu Skramu kwa vitu ambavyo haikuvileta.

#10 Fundi Waya
Haya, @Kijiti, sasa nijibu hili.

Wiki mbili si Skramu. Pointi si Skramu. Mwenye bidhaa asiyesikiliza si Skramu. Meneja wa Pointi Nane si Skramu. Mwongozo wenyewe unasema ukichukua vipande tu, unachofanya si Skramu. Kwa hiyo timu ikifanikiwa, Skramu imefanya kazi. Ikishindwa, haikuwa Skramu. Njia ya namna hiyo utaijuaje kama ina kasoro? Kesi yake haiwezi kusikilizwa popote, maana mshtakiwa kila siku hayupo mahakamani.

#11 Kikokotoo
😂😂 Mshtakiwa hayupo mahakamani. Kijiti, kunywa maji kwanza.

#12 Nta
Ngoja niingie kwa pembe nyingine. Nadhani Fundi Waya na Kijiti wote wanauliza swali lisilo lenyewe.

Skramu inapanga vikao, majukumu na orodha. Haisemi neno hata moja kuhusu jinsi ya kuandika kodi, yaani maandishi yenyewe ya programu. Toleo la 2020 la Mwongozo linakiri waziwazi kwamba mfumo huu umeachwa haujakamilika kwa makusudi, ujazie mwenyewe. Linganisha na XP, njia nyingine ya Ajaili, ya Kent Beck: kule kuna kuandika jaribio kabla ya kodi, kukaa wawili kwenye kompyuta moja, kuunganisha kodi mara kwa mara, kuisafisha kila unapoigusa. Hayo ndiyo yanayokuwezesha kubadili mwelekeo kila wiki mbili bila mfumo kubomoka.

Watu wengi walichukua vikao wakaacha ufundi. Martin Fowler, naye mmoja wa wale 17, alilieleza hili mwaka 2009: timu inaanza Skramu kwa furaha, inakwenda mbio, halafu baada ya muda mwendo unakufa kwa sababu kodi imekuwa fujo. Ule "upofu" wa #1 ndio huu. Na shida ya Bi Mtihani pia ni hii hii: kama hamna majaribio yanayojiendesha, kila sprinti anapima kwa mkono vitu vya sprinti zote zilizopita. Mzigo unakua, siku zake haziongezeki.

Kwa hiyo kwangu sprinti haina kosa, na mwenye bidhaa hana kosa. Nyumba imejengwa ngazi tu.

#13 Bi Mtihani
@Nta kuhusu majaribio yanayojiendesha umesema kweli, tunayo machache na nusu yake yameharibika. Ila nikiomba muda wa kuyaandika naambiwa niandike kadi, iingie kwenye orodha, ishindane na vitufe. Tumerudi kwa Fundi Waya pale pale.

#14 Mkataba Kwanza
Nyie wote mnafanya kazi ndani ya kampuni yenye bidhaa yake. Njooni huku kwetu tunaofanya kazi za zabuni.

Tangazo la Ajaili linathamini kushirikiana na mteja kuliko majadiliano ya mkataba. Maneno matamu. Sasa mteja wangu anatoa nyaraka ya zabuni: mfumo uwe na haya, haya na haya, bei ni hii, tarehe ni hii, ukichelewa unakatwa. Nikimwambia "tutagundua mahitaji tukiwa njiani" ananitazama kama tapeli. Naye ana wakubwa zake na wakaguzi wake, hawezi kusaini karatasi isiyosema atapata nini.

Tukajaribu kuchanganya. Bei na tarehe haziguswi, lakini kila wiki mbili anaona maendeleo na anaruhusiwa kubadilisha mawazo. Akabadilisha kweli! Kila kikao anaongeza, hapunguzi kitu. Nikimkumbusha kwamba ukiongeza moja lazima moja litoke, anafungua mkataba na kunionyesha ukurasa. Tulimaliza kwa hasara, na kampuni yangu haijarudia mtindo huo.

#15 Kikokotoo
@Mkataba Kwanza hata serikali kubwa zimejikwaa hapo. Universal Credit ya Uingereza, mfumo wa kuunganisha malipo ya ustawi wa jamii, ulianza kwa Ajaili. Ofisi ya Ukaguzi ya Taifa ikatoa ripoti Septemba 2013: teknolojia ya thamani ya pauni milioni 34 ilikuwa imeshafutwa vitabuni. Idara haikuwa na uzoefu wa Ajaili kwenye mradi mkubwa kiasi kile, na mikataba na usimamizi wake ulikuwa wa mtindo wa zamani.

#16 Kijiti
Na Sentinel, mfumo wa mafaili ya kesi wa FBI, wapelelezi wa Marekani, mbona huitaji? Mkandarasi alianza kwa njia ya zamani, mwaka 2010 FBI wakasimamisha kazi, wakaichukua wenyewe wakaiendesha kwa Skramu na timu ndogo, mfumo ukaanza kutumika Julai 2012. Ukichagua mfano unaokupendeza kila mtu atashinda.

#17 Kikokotoo
Na wewe si umechagua wa kwako? 😀 Lakini angalia: FBI walipoichukua ndani, walipunguza sana nafasi ya mkandarasi. Inawezekana kilichoponya ni hicho. Skramu au kumpunguza mkandarasi, kipi kilifanya kazi? Hatuwezi kutenganisha.

#18 Mkataba Kwanza
Ahsante kwa kuniondoa duniani mimi mkandarasi.

#19 Mwana wa Sindano
Mimi natengeneza programu zinazokaa ndani ya vifaa vya hospitali. Huku kuna kiwango kinaitwa IEC 62304. Kila hitaji lazima lifuatilike hadi kwenye jaribio lililolithibitisha, na kila hatari iwe imeandikwa na namna ilivyodhibitiwa. Mkaguzi akija hataki kusikia kwamba mlikubaliana mkiwa mmesimama asubuhi.

Tunatumia sprinti, sikatai, na zinasaidia kugundua makosa mapema. Ila ile habari ya kumpa mtumiaji toleo kila wiki mbili ili atoe maoni haipo. Huwezi kumpelekea daktari kifaa kilichokamilika nusu akijaribie kwa mgonjwa. Kwa hiyo nusu ya faida ya Ajaili, yaani kujifunza kutoka kwa mtumiaji halisi, sisi hatuipati. Tunabaki na vikao.

Pia kuna mtu aliwahi kusimama mbele yetu akatuambia nyaraka ni mambo ya kale. Watu kama hao wasomeshwe lile tangazo hadi mstari wa mwisho. Limesema vya upande wa kulia, zikiwemo nyaraka, navyo vina thamani, ila vya kushoto, kama programu inayofanya kazi, vinathaminiwa zaidi.

#20 Mzee wa Seva
@Mwana wa Sindano umegusa kitu. Suala la mtumiaji kutokuwepo halihusu hospitali tu. XP ilitaka mteja akae chumba kimoja na timu kila siku. Mradi wao maarufu, C3 wa mishahara pale kampuni ya magari ya Chrysler, ulianza kulipa sehemu ya wafanyakazi mwaka 1997 na watu wakausifu sana. Mwaka 2000 ukasimamishwa kabla haujafika kwa wafanyakazi wote uliokusudiwa. Sababu zilikuwa nyingi, kampuni ilikuwa imeshaungana na Daimler, lakini moja inayojadiliwa hadi leo ni mzigo wa yule mtu mmoja anayetakiwa kuwa sauti ya mteja. Anatakiwa ajue biashara yote, aamue kila siku, aridhishe wakubwa wanaotoa pesa na watumiaji wanaotumia. Mtu huyo mkimpata ana kazi nyingine tatu.

Skramu ilimpa jina la mwenye bidhaa, mzigo ukabaki ule ule.

#21 Mwenye Bidhaa Mchovu
Nimekuwa nikisoma kimya. @Mzee wa Seva, ubarikiwe.

Fundi Waya, mimi ndiye yule unayemsema anayepandisha vitufe. Unadhani sijui kanzidata imechoka? Najua. Lakini ninyi mnapokuja kwangu mnasema "tunahitaji kurekebisha ndani", mkiulizwa itachukua muda gani mnasema hamjui, mkiulizwa tusipofanya itakuwaje mnasema "itakuwa mbaya". Mauzo wanakuja na jina la mteja na tarehe. Nikae nao mezani nitetee "itakuwa mbaya"? Nipeni kitu cha kushika. Nipeni idadi ya hitilafu zinazotoka sehemu hiyo, nipeni muda kazi za hapo zinavyorefuka kila mwezi. Siku mtakayoleta hivyo nitawapigania.

#22 Fundi Waya
@Mwenye Bidhaa Mchovu hoja nzito hiyo. Ila angalia unachonidai: nithibitishe kwa takwimu kwamba msingi una nyufa ndiyo nipewe ruhusa ya kuutazama. Kitufe hakidaiwi ushahidi wowote, kinapita kwa sababu mteja kakitaja. Mizani haiko sawa.

#23 Mwenye Bidhaa Mchovu
Haiko sawa, ndiyo. Na mimi sikuitengeneza.

#24 Tochi
Samahani wakuu, swali la kando. Kwenye stendapu kwetu kila mtu anamtazama meneja anapozungumza, kama anatoa ushahidi. Kuna kaka mmoja mwezi wa pili huu anasema "naendelea na ya jana". Ndivyo inavyotakiwa?

#25 Pointi Nane
Huyo kaka mlindeni, ndiye pekee anayesema ukweli.

#26 Karani
@Tochi kikao kile ni cha waandika programu kupangana wenyewe, dakika 15 basi. Yale maswali matatu, jana ulifanya nini, leo utafanya nini, nini kinakukwamisha, yameondolewa kwenye toleo la 2020 la mwongozo ili uwe na maagizo machache.

#27 Kikokotoo
Yameondolewa kwenye mwongozo. Kwetu bado yamo.

#28 Mbali na Timu
Jambo ambalo hamjaligusa: ukubwa. Mwongozo unasema timu kwa kawaida iwe ya watu 10 au pungufu. Sisi tuko timu nyingi kwenye mfumo mmoja. Kila timu inafurahi na ubao wake, lakini kadi yangu inasubiri timu B, ya timu B inasubiri timu C, na timu C imeipanga sprinti ijayo. Nikiisubiri kadi moja inakula mwezi na zaidi bila mtu yeyote kuonekana amelegea.

Wakubwa wakaleta SAFe, mfumo wa kuendesha Ajaili kwenye timu nyingi kwa pamoja, kutibu hilo. Sasa tuna kikao kikubwa cha siku mbili kupanga robo ya mwaka mzima, na nyuzi nyekundu ukutani kuonyesha nani anamngoja nani. Ile robo mwaka ikianza haibadiliki kirahisi. Mniambie wepesi wa Ajaili umebaki wapi hapo.

#29 Nta
@Mbali na Timu hapo hata ubadilishe njia mara kumi. Melvin Conway, mtaalamu wa kompyuta, alisema tangu 1968 kwamba mfumo hufuata umbo la mawasiliano ya watu walioubuni. Kama kila badiliko linagusa timu tatu, basi mfumo umegawanywa vibaya. Gawanyeni mfumo upya, timu zitapumua.

#30 Mbali na Timu
Kugawanya mfumo upya ni kazi ya miezi. Nani ataiweka kwenye sprinti?

#31 Fundi Waya
🙌🙌 @Kijiti uko wapi?

#32 Kijiti
Nipo, nilikuwa kwenye kikao cha tathmini ya sprinti, msicheke.

Kuna kitu XP wanakiita upelelezi: unajipa muda maalumu, siku mbili tuseme, kazi yako ni kujibu swali moja la kiufundi tu, hakuna cha kuonyesha. Kazi kubwa unaianza hivyo. Ukishajua ramani, unahamisha kanzidata kidogo kidogo, ya zamani na mpya zikifanya kazi pamoja hadi ya zamani iishe. Kila hatua inaenea kwenye sprinti na mfumo hauzimwi. Watu wanafanya hivi kila siku. Kwa hiyo "haimegeki" sikubali. Inamegeka, ila kuimega ni ufundi.

#33 Fundi Waya
Nakubali inamegeka hivyo. Lakini kuziendesha mbili kwa pamoja ni kazi zaidi kuliko kuhamisha mara moja, na miezi yote hiyo lazima kila sprinti mtu akupe nafasi. Ikifika katikati mauzo wakaleta mteja mkubwa, unabaki na kanzidata mbili milele. Nimeziona mbili milele.

#34 Ubao Mmoja
Mbona hamsemi Kanban? Tuliacha sprinti kabisa. Tunaweka kikomo cha kadi zinazofanyiwa kazi kwa wakati mmoja, kazi ikiisha inatoka, kazi ndefu inachukua muda wake. Bi Mtihani angepumua, maana safu ya kupima ikijaa hakuna anayeruhusiwa kusukuma nyingine, inabidi waje wamsaidie.

#35 Bi Mtihani
Hicho cha kuja kunisaidia kinanivutia. Na kazi ndefu kwenu zinaisha kweli?

#36 Ubao Mmoja
Zipo zinazoisha. Kuna moja iko ubaoni tangu kabla sijaajiriwa, lakini hiyo tumeizoea.

#37 Pointi Nane
😂 Tumpelekee yule kaka wa "naendelea na ya jana".

#38 Tochi
Wakuu mnanichanganya. Kazini wanataka kunilipia kozi ya siku mbili nipate cheti cha Skramu Masta. Niende au nisiende?

#39 Mzee wa Seva
Wakilipa wao, nenda. Ukirudi, kabla hujaitisha kikao chochote, kaa siku nzima na mpimaji wenu ukamwone anavyofanya kazi.

#40 Kijiti
Nenda. Na usiwasikilize hawa kuhusu pointi.

#41 Pointi Nane
Wewe Kijiti umesema mwenyewe hazimo kwenye mwongozo. Kwenye kozi muulize mwalimu kwa nini zimo kwenye slaidi zake, halafu urudi utuambie kajibu nini.